Kuvuja, Inavuja, Ikivuja: Kuielewa Jerandi ya Kiingereza kwa Njia ya Kiswahili

Jioni moja, barazani ninapofundishia tuisheni hapa Ngamiani, Tanga, mwanafunzi wa kidato cha pili aliniletea daftari lenye sentensi aliyoitunga kuhusu kazi ya mama yake: "Frying fish are my mother's work." Nilipomwambia kwamba "are" si sahihi, alinijibu kwa hoja. "Mwalimu," alisema, "samaki ni wengi. Mama hakaangi samaki mmoja."

Hoja hiyo ilikuwa na mantiki yake, na ndiyo maana sikutaka kuikata kwa kalamu nyekundu tu. Kijana alijua vizuri kwamba kiima cha wingi hudai "are"; alichokosea ni kutambua kiima ni kipi. Katika maneno mawili ya mwanzo aliona nomino moja, "fish", naye akaikabidhi sentensi nzima. Nikamwomba aniambie jambo hilo hilo kwa Kiswahili. "Kukaanga samaki ni kazi ya mama," alisema. Neno "ni" halibadiliki kwa umoja wala wingi, kwa hiyo hapo tulikuwa bado gizani. Nikamwomba aseme kwamba kazi hiyo inampatia mama riziki, naye akatamka bila kusita: "Kukaanga samaki kunampatia mama riziki." Nikamuuliza kwa nini hakusema "wanampatia", ilhali samaki ni wengi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kinachompatia riziki si samaki, mwalimu, ni kule kukaanga." Akachukua kalamu mwenyewe, akafuta "are" na kuandika "is".

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo nimeliamini kwa muda mrefu, kwamba mzungumzaji wa Kiswahili hafiki kwenye somo la jerandi akiwa mikono mitupu. Jerandi ni umbo la kitenzi cha Kiingereza lenye kiambishi tamati "-ing" linapofanya kazi ya nomino, na sisi tunalo umbo lenye kazi hiyo hiyo, tunaloliita kitenzi-jina, ambalo huanza na ku- na lina ngeli yake kamili, ngeli ya KU. Katika shule niliyosoma mimi, kutamka neno la Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza kulikuwa kosa la kuadhibiwa, na somo la jerandi lilipofika tulipewa orodha ya vitenzi pamoja na amri ya kuikariri. Niliikariri na mtihani nikaupita, lakini ilinichukua miaka mingi kung'amua kwamba nilichokuwa nakihangaikia katika lugha ya kigeni nilikuwa nakitumia kila siku nyumbani, tangu nilipojifunza kusema kwamba kuamka mapema kunachosha. Watoto wanaotoka shule za msingi za serikali, waliosomea masomo yao kwa Kiswahili kwa miaka 7, wakaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza, wana haki ya kufunguliwa mlango huu kwa ufunguo walio nao mkononi.

Tuutazame kwanza ufunguo wenyewe. Kitenzi-jina kina sura mbili kwa wakati mmoja: kwa nje ni nomino, kwa ndani kimebaki kitenzi. Unomino wake unaonekana katika upatanisho, kwa maana kinatawala kitenzi cha sentensi kama ambavyo nomino yoyote ingefanya, na kinapokea kimilikishi: "Kuchelewa kwake kulituudhi." Utenzi wake nao unaonekana katika mambo kinayoyabeba tumboni. Kinaweza kukanushwa, tukapata "kutokwenda". Kinaweza kupokea kiambishi cha mtendwa, tukapata "kumwona". Kinaweza kufuatwa na shamirisho bila kiunganishi chochote katikati, kama "kukaanga samaki", na kinaweza kuelezwa na kielezi, kama "kukaanga samaki haraka". Tukiweka yote pamoja tunapata neno kama "kutomwambia", ambalo limesheheni ukanushi, mtendwa na tendo, na bado linaweza kukaa mahali pa kiima: "Kutomwambia mama ukweli kulimponza."

Jerandi ya Kiingereza hufanya yote haya, hatua kwa hatua. "Kuchelewa kwake kulituudhi" ni "His arriving late annoyed us", ambapo "his" inasimama pale pale tuliposema "kwake". Wengi siku hizi husema "him" katika mazungumzo, lakini katika maandishi rasmi "his" ndiyo iliyo salama zaidi, na sababu yake anayesema "kuchelewa kwake" ameshaijua. "Kutokwenda" ni "not going". "Kumwona" ni "seeing him". "Kukaanga samaki haraka" ni "frying fish quickly", ambapo "quickly" ni kielezi, si kivumishi, kwa sababu kwa ndani "frying" bado ni kitenzi. Anayeandika "frying fish quick" amesahau sura ya ndani, na anayeandika "frying fish are" amesahau sura ya nje.

Hapa pana tofauti nyingine ambayo vitabu vingi huipita haraka, nami naona ndipo utamu wa somo ulipo. Kiswahili hakina kitenzi-jina peke yake. Kina pia nomino zilizotokana na vitenzi na kukata uhusiano navyo. Tunasema "kuvua pweza", lakini pia tunasema "uvuvi wa pweza". Angalia kilichotokea: mara tu tulipotoka kwenye "kuvua" na kuingia kwenye "uvuvi", pweza hakuweza tena kufuata moja kwa moja, akahitaji "wa". Kitenzi-jina kinaweza kushika shamirisho lake kwa mkono, ilhali nomino kamili inahitaji kamba ya kulifungia. Kiingereza hufanya hivyo hivyo, isipokuwa hakibadilishi umbo la neno. "Catching octopus" ni kuvua pweza, na "the catching of octopus" ni uvuvi wa pweza. Neno "catching" ni lile lile, lakini "the" iliyotangulia na "of" iliyofuata zinakuambia kwamba sasa una nomino kamili mbele yako. Ndiyo maana maelezo yake nayo hubadilika kutoka kielezi kuwa kivumishi: "frying fish quickly", lakini "the quick frying of fish".

Kuna maneno ya "-ing" yaliyokwenda mbali zaidi, yakawa majina ya vitu vya kushikika. Neno "building" ni mfano ulio wazi kuliko yote. Katika "Building a house takes patience" ni kujenga. Katika "the building of the school" ni ujenzi. Na katika "an old building" ni jengo, linalokubali wingi kama majengo mengine, "old buildings". Kiswahili kimeyatenga mambo haya matatu kwa maumbo matatu, kujenga, ujenzi na jengo, na msemaji wetu hawezi kuyachanganya hata akiwa usingizini. Mwingereza ana umbo moja tu, na msikilizaji wake hutegemea maneno ya jirani ili ajue ni lipi linalokusudiwa.

Nililiona hilo vizuri zaidi ufukweni Sahare, maji yalipokuwa yamekupwa na mashua moja imelazwa ubavu juu ya mchanga. Fundi mashua alikuwa akisukuma pamba iliyolowekwa mafuta katika nafasi zilizo kati ya mbao, kwa patasi butu na nyundo, kazi wanayoiita kutia kalafati. Nilimwamkia, naye akaniitikia na kunieleza hali ya chombo kwa maneno machache: kwamba kinavuja, kwamba wenzake walikiona kikivuja tangu juzi, kwamba chombo kinachovuja hakipelekwi mkondoni, na kwamba kuvuja kumezamisha vyombo vingi. Katika maelezo yale mafupi alitumia mzizi mmoja, -vuja, kwa maumbo manne, bila kukosea hata moja. Nilipofika nyumbani nikayaandika kwa Kiingereza nikitumia mashua. "Mashua inavuja" ni "The boat is leaking." "Niliiona mashua ikivuja" ni "I saw the boat leaking." "Mashua inayovuja" ni "a leaking boat". "Kuvuja kumezamisha mashua nyingi" ni "Leaking has sunk many boats." Yule fundi alikuwa na inavuja, ikivuja, inayovuja na kuvuja, Mwingereza ana "leaking" mara nne.

Basi mtu anapokutana na neno la "-ing" na kutatizika, nampa shauri la kulitafsiri na kuangalia ni umbo lipi la Kiswahili linalojitokeza lenyewe. Likijitokeza -na-, ni kitenzi kikuu kikisaidiwa na "is" au "was" kuonyesha tendo linaloendelea. Likijitokeza -ki-, ni tendo linaloambatana na tendo jingine. Likijitokeza umbo la kirejeshi, kama "inayo-" au "wanao-", neno hilo linafanya kazi ya kivumishi. Likijitokeza ku-, hiyo ndiyo jerandi. Kipimo hiki hakijawahi kuniangusha kwa neno ambalo maana yake naielewa.

Sababu ya Kiingereza kuwa na mzigo huu ni ya kihistoria. Katika Kiingereza cha kale, kilichozungumzwa hadi kiasi cha mwaka 1100, viambishi vilikuwa viwili tofauti. Nomino za tendo ziliishia na "-ung" au "-ing", kama "leornung", kujifunza, na umbo lenye kazi ya kivumishi liliishia na "-ende". Katika karne zilizofuata, sauti za mwishoni mwa maneno zikafifia na kukaribiana, hata kufikia mwaka 1500 hivi "-ing" ikawa imechukua kazi zote mbili. Kijerumani, ambacho ni ndugu wa Kiingereza na kilipata kuwa lugha ya watawala katika mji huu, kimeyaweka maumbo yake mawili hadi leo, "-ung" kwa nomino na "-end" kwa kivumishi. Kwa hiyo mwanafunzi anayeona kwamba "-ing" ni kama watu wawili waliovaa kanzu moja haoni vibaya, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Athari ya kanzu hiyo moja inaonekana sana pale neno la "-ing" linapotangulia nomino nyingine. "A sleeping child" ni mtoto aliyelala, lakini "a sleeping mat" si mkeka uliolala, ni mkeka wa kulalia. "Boiling water" ni maji yanayochemka, na "drinking water" ni maji ya kunywa. "A leaking boat" tumeshaiona. "A fishing boat" ni mashua ya kuvulia. Kiswahili kinatenganisha aina hizi mbili waziwazi: aina ya kwanza huchukua kirejeshi, ya pili huchukua "ya ku-", mara nyingi pamoja na kauli ya kutendea, kama mafuta ya kupikia na mashine ya kushonea. Kiingereza kinatenganisha kwa sauti tu. Katika aina ya jerandi mkazo mkubwa huangukia neno la kwanza, "fishing", na katika aina nyingine neno la pili, "boat", nalo hutamkwa kwa mkazo wake kamili. Asiyeisikia tofauti hiyo arudi kwenye swali rahisi: je, kitu hiki ndicho kinachotenda, au ni cha kutendea?

Sasa tuingie kwenye muundo wa sentensi. Kiswahili hufunga kiima na kitenzi kwa viambishi vya upatanisho, na kwa sababu ya kufungwa huko maneno yanaweza kusogea kidogo bila maana kupotea. Kiingereza kina viambishi vichache mno vya aina hiyo, kwa hiyo kinategemea mahali: kilichotangulia kitenzi kikuu ndicho kiima, na kilichofuata ndicho shamirisho au kijalizo. Ndiyo maana kazi ya kwanza mbele ya sentensi ndefu ni kukitafuta kitenzi kikuu, yaani kile kinachobeba wakati. Chukua sentensi hii: "Selling fried fish near the bus stand after sunset has paid the school fees of many children." Humo mna "selling", mna "fried", na mna "has paid", yote yakiwa na sura ya kitenzi. Linalobeba wakati ni "has paid" peke yake. Yote yaliyo kabla yake, hadi "sunset", ni kirai nomino kimoja ambacho kichwa chake ni "selling", na ukitaka kuhakikisha, kiondoe chote na uweke "this": "This has paid the school fees." Sentensi imesimama vizuri.

Linganisha na "The women selling fish near the bus stand have paid the school fees." Maneno "selling fish near the bus stand" yamo vile vile, lakini kichwa sasa ni "women", nayo "selling" inamaanisha wanaouza. Kwa Kiswahili: "Kuuza samaki kumelipa ada", na "Wanawake wanaouza samaki wamelipa ada." Upatanisho wetu umesema kila kitu, kumelipa na wamelipa, na Kiingereza kimesema kwa "has" na "have". Mwanafunzi akiweka nukta baada ya "The women selling fish near the bus stand", hajaandika sentensi, kwa kuwa "-ing" isiyo na kitenzi kisaidizi haiwezi kubeba wakati, kama vile "wanawake wanaouza samaki kituoni" inavyomwacha msikilizaji akisubiri.

Liko pia kosa ambalo chimbuko lake ni utajiri wetu wenyewe. Kiswahili kinaruhusu kitenzi cha pili kuvaa ku- na kuazima wakati kutoka kwa cha kwanza: "Alikwenda sokoni na kununua samaki." Kiingereza hakina ruhusa hiyo. Wanafunzi wangu huandika "She went to the market and buying fish", au "and to buy fish", wakiifuata ku- kwa uaminifu. Sahihi ni "She went to the market and bought fish". Hapa ku- si jina la tendo, ni wakati uliojificha, na katika Kiingereza wakati haujifichi, hurudiwa.

Linabaki swali linalowasumbua watu kuliko yote: ku- inapokuwa kweli kitenzi-jina, iwe "-ing" au iwe "to"? Hapa Kiswahili kina umbo moja na Kiingereza kina mawili, kwa hiyo zamu hii sisi ndio wenye kanzu moja. Sehemu moja ya jibu ni nyepesi. Baada ya kihusishi ni "-ing", bila ubishi: kabla ya kula, "before eating", baada ya kusali, "after praying", bila kulipa, "without paying", kwa kusoma, "by reading". Ku- ya kusudi, kama katika "Nimekuja kununua ndizi", ni "to": "I have come to buy bananas", wala si "for buying". Mahali pa kiima, "-ing" ndiyo ya kawaida.

Baada ya vitenzi, inabidi kila kitenzi kijulikane na mwenzi wake, na sitamdanganya mtu kwamba ipo kanuni moja inayovishika vyote. "Enjoy", "finish", "avoid", "deny" na "suggest" hutaka "-ing". "Want", "hope", "decide", "promise" na "refuse" hutaka "to". Mwelekeo upo, kwamba "to" hutazama jambo lililo mbele, ambalo bado, na "-ing" hutazama jambo lililopo au lililopita: mtu hutumaini lijalo, naye hukana lililokwisha fanyika. "Suggest" inauvunja mwelekeo huo, lakini unatosha kumsaidia mtu aliyesahau.

Mtego mkubwa ni "to" ambayo kwa hakika ni kihusishi. Kijana anayeomba kazi humalizia barua yake kwa "I look forward to hear from you", na nimeiona sentensi hiyo katika barua nyingi nilizoletewa nizisome. "To" hapa ni ndugu wa "kwa", si ndugu wa ku-, ukiweka nomino ya kawaida baada yake, "I look forward to your reply", inakubali, na panapokubali nomino panadai "-ing": "I look forward to hearing from you." Vivyo hivyo "I am used to fishing" ni nimezoea kuvua, ilhali "I used to fish" ni nilikuwa nikivua zamani. Herufi chache zinatenganisha mvuvi wa leo na mvuvi aliyestaafu.

Kisha vipo vitenzi vichache vinavyokubali yote mawili na kubadili maana. "I remember locking the door" inasema kwamba mlango niliufunga na kumbukumbu yake ninayo. "I remembered to lock the door" inasema kwamba sikusahau kuufunga. Kiswahili hutumia "kumbuka kufunga" kwa zote mbili na kuacha mazungumzo yaamue. Kwa "stop" mambo ni kinyume, sisi ndio tunaotenganisha, tena kwa vitenzi viwili. Yule kijana wa kidato cha pili alipewa zoezi la kuandika sentensi mbili zaidi kuhusu mama yake, akaandika "My mother stopped to talk to the customers" na "My mother stopped talking to the customers". Chini ya kila moja aliongeza tafsiri bila kuombwa. Chini ya ya kwanza: mama alisimama kuzungumza na wateja. Chini ya ya pili: mama aliacha kuzungumza na wateja.